CD za Mjomba

Mjomba aliniachia CD 312. Najua idadi kwa sababu nimezihesabu mara tatu, na mara mbili kati ya hizo nilikuwa nimekasirika.

Kwa zaidi ya miaka kumi alipiga muziki kwenye baa moja ya Kirumba, hapa Mwanza, enzi zile mpiga muziki wa baa alikuwa na kabati lake, ufunguo wake na bia zake mbili za bure kila usiku. Mwaka 2016 akaamua basi, anarudi kwao Ukerewe kulima mihogo na kutunza michungwa ya marehemu babu. Mzigo ule hakutaka kuupandisha meli. Akaniletea Nyakato kwa bajaji: maboksi mawili ya mafuta ya kula yamefungwa kamba, na begi la shule limejaa CD zisizo na makava, kila moja kwenye kikaratasi chake. Kwenye vikaratasi vingi alikuwa ameandika tarakimu moja kwa kalamu, 4, au 5, au 7. Nikadhani ni namba za rafu za kabati lake. Sikuuliza. Akanywa chai, akafuta mdomo, akasema, "Usizigawe, mjomba. Watu watakuja kuazima."

Wakaja kweli. Wa kwanza alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, akaondoka na CD ya Kikongo "ya kusikiliza Jumapili tu", na Jumapili hiyo haijaisha mpaka leo. Kwa hiyo ukinibana, ninazo 311.

Woga wa kuazimwa ndio ulionitia kwenye shughuli hii. Niliwaza niziingize zote kwenye kompyuta, CD zenyewe zikae boksini, nikiulizwa niseme hazipo. Laptopu yangu haikuwa na mlango wa CD, kama zilivyo nyingi siku hizi. Nikashuka Makoroboi, nikapata draivu ya mtumba ya kuchomeka kwa waya wa USB, elfu ishirini na tano baada ya kuvutana sana. Jioni hiyohiyo nikaanza, kwa programu iliyokuja na kompyuta, bila kugusa mpangilio wowote. Raha yake usiseme. CD inaingia, dakika saba nane, inasukumwa nje kama ulimi wa mbwa aliyechoka, unaweka nyingine. Nilikuwa napika ugali huku naingiza. Wiki tatu nikawa nimemaliza CD 94.

Tatizo lilikuwa bando. Ili lisiishe nilikuwa nazima intaneti, na nilichokuwa sikijui ni kwamba CD ya muziki ya kawaida haina majina ndani yake. Philips na Sony walipoileta sokoni mwaka 1982, walichoweka mle ni sauti na orodha fupi inayoeleza kila wimbo unaanzia wapi. Basi. Majina unayoyaona kwenye kompyuta yanatoka nje: programu inatazama idadi ya nyimbo na urefu wake, inakwenda kuuliza mtandaoni nani anaijua CD ya namna hiyo, na kama kuna mtu aliwahi kukaa akaandika majina, yanashuka. Mimi nilikuwa nimeifungia mlango. Ikafanya ilichoweza. Kila wimbo ikauita Track 01, Track 02, Track 03, na kila folda ikaipa jina la tarehe na saa ambayo CD hiyo iliingizwa.

Kwa hiyo nilikuwa na folda 94 zilizoitwa saa. Ningeweza kukuapia mbele ya hakimu kwamba Jumanne fulani, saa mbili na dakika kumi na nne usiku, niliingiza CD. CD gani, hapo ungenifunga.

Nilizibeba kwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na Mtaa wa Rwagasore, kijana mpole ambaye hacheki mteja usoni. Akafungua folda moja, akafungua ya pili, akazunguka na kiti chake. "Kaka, hata tukiacha majina. Hizi umezibana mno."

Akanitolea kikokotoo. Sauti ndani ya CD imepimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, kila kipimo kimeandikwa kwa biti 16, na zipo njia mbili, kushoto na kulia. Zidisha, unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde. Faili zangu zilikuwa za kilobiti 128. "Katika mafungu kumi na moja umebaki na moja," akasema. Kisha akaona nimenywea, akanituliza kwamba ubanaji wa aina hiyo haukati ovyo, unatupa kwanza yale ambayo sikio haliyashiki vizuri. Tukajaribu. Kwenye sabufa yake sikusikia tofauti yoyote, na nilijilazimisha kweli. Akanipa hedifoni. Hapo matoazi ya mpiga dramu yakawa si matoazi tena, yakawa sato anatumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Tangu siku hiyo siwezi kutousikia ule mlio, na kwa hilo sijamsamehe kabisa.

Yeye alitumia FLAC, mfumo wa bure uliotoka mwaka 2001. Unabana sauti bila kutupa kitu, kama shati unavyolikunja badala ya kulikata mikono ili litoshe sandukuni. Dakika moja ya CD ni kama megabaiti 10, na kwa FLAC inashuka hadi tano au sita. Tulipiga hesabu ya CD zote za Mjomba, ikaja kama gigabaiti 110, yaani hata diski ya mtumba inazimeza na kubaki na nafasi. Nikakubali, lakini nisijifanye bingwa wa masikio. Kwenye daladala ya Igoma hakuna mtu atakayejua kama wimbo ni FLAC au ni MP3 ya kilobiti 128. Nilichagua FLAC kwa uvivu. Ukiwa nayo unaweza kutengeneza MP3 ya ukubwa wowote siku yoyote, lakini ukiwa na MP3 huwezi kurudi nyuma, na mimi sikuwa tayari kuzibadilisha CD 312 kwenye ile draivu kwa mara ya tatu.

Mara ya pili nilitumia Exact Audio Copy, programu ambayo mafundi huisifia kwa ukaidi wake. Inasoma kila kipande zaidi ya mara moja na kulinganisha. Majibu yakipishana inarudia tena na tena, huku draivu ikilia kama cherehani. CD safi ilichukua dakika kumi. CD yenye mikwaruzo iliwahi kuchukua saa mbili, na mwishoni ikanionyesha bila haya kwamba dakika ya tatu ya wimbo wa sita haikusomeka sawasawa. Hiyo ndiyo programu ya kuamini. Ile ya kwanza ilinyamaza tu na kupitisha kila kitu, na nilipokuja kusikiliza baadaye nikakuta nyimbo zinazokohoa.

Mikwaruzo nayo ina elimu yake. Nilikuwa nafuta CD kwa kuzungusha kitambaa, kama ninavyofuta sahani. Kosa. CD imeandikwa kwa mstari mmoja mrefu unaozunguka kuanzia katikati, na imetengenezwa iweze kujiziba ikikutana na pengo fupi, kama milimita mbili na nusu za mstari huo. Mkwaruzo unaokatiza kutoka katikati kwenda ukingoni unagusa kila mzunguko kidogo tu, CD inajiziba na wewe husikii. Mkwaruzo unaofuata mzunguko unafuta urefu mkubwa kwa pamoja. Kwa hiyo futa kutoka katikati kwenda nje, kwa maji, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini cha pamba. Dawa ya meno pia nimeijaribu, mara tatu. Mara moja ilisaidia, mara mbili iliongeza mikwaruzo midogo na harufu ya mnanaa.

Upande tunaouogopa wote ni ule unaong'aa, kumbe wa hatari ni ule wa maandishi. Chini kuna plastiki nene inayokinga. Juu, kati ya ile tabaka nyembamba inayong'aa na dunia nzima, kuna rangi na varnishi tu. Inua CD mbele ya balbu. Ukiona vitobo vya mwanga, hapo muziki umeshatoka. Mjomba alikuwa na mtindo wa kubandika stika za bei juu ya CD, na stika mbili kati ya hizo zilipobanduka zilibanduka na nyimbo.

Zilizonisikitisha zaidi ni zile za kuchoma. CD ya kiwandani imegongwa, vishimo vyake ni vya kudumu kiasi. Ya kuchoma nyumbani imeandikwa kwenye rangi ya kemikali, na rangi hiyo hupauka kwa jua na joto. Kabati la Mjomba pale baa lilikuwa chini ya dirisha linalotazama ziwa, jua la jioni likipiga moja kwa moja. CD zake za kuchoma zilikuwa kama 120. Zilizokubali kusomeka ni 83.

Halafu nikaja kugundua kwamba hata kati ya hizo 83 nilikuwa nimejidanganya. Nilizitoa zote kwa FLAC, faili nono za kupendeza, lakini sauti ilikuwa tambarare. Fundi akafungua wimbo mmoja kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kuniwekea picha ya masafa yake, sauti nzito chini na nyembamba juu. Wimbo wa CD halisi rangi zake zinapanda hadi karibu kilohezi 22. Huu wangu ulipanda hadi 16, kisha weusi mtupu, kama mtu amekata kwa rula. Maana yake mtu alikuwa na MP3 iliyobanwa, akaichoma kwenye CD kama muziki wa kawaida, na mimi nikaja kuikunja kwa heshima zote kitu kilichokwisha kukatwa mikono. Nyingine zilikuwa wazi zaidi: CD moja ina nyimbo 150. Hiyo haina haja ya kuripu, yaani kuitoa sauti kwenye CD, kabisa. Ni faili za MP3 tu, unafungua unanakili, dakika tano.

VCD za kwaya zilinichanganya mpaka nilipofungua folda iitwayo MPEGAV na kukuta faili moja kubwa ya DAT, picha na sauti pamoja. Sauti yake ni ya kilobiti 224, si haba. Nilizitoa sauti, na zile video nikaziacha kama zilivyo, maana Mama anataka kuwaona.

Mama ndiye aliyeniokoa kwenye jambo ambalo hakuna programu ingeliweza. Mara hii ya pili niliwasha intaneti, nikangojea majina yashuke. Za Kikongo nyingi zilishuka. Za Kitanzania ilikuwa kimya, CD baada ya CD, na kwaya moja ya nyimbo nane ikaletewa majina ya Kijerumani, kwa kuwa urefu wa nyimbo zake ulifanana na wa watu wengine huko duniani. Ile hifadhi ya majina niliyokuwa naiuliza, freedb, yenyewe ilikuja kufungwa mwaka 2020. Siku hizi natumia MusicBrainz, na kwa kuwa yeyote anaweza kuongeza, nimeshaandika mle CD kadhaa za kwetu. Inachosha. Lakini atakayefuata Mwanza au Musoma hatakuta kimya nilichokikuta mimi.

Zilizobaki bila jina zilikuwa nyimbo zaidi ya mia nne. Nikabeba laptopu na spika ndogo, nikapanda mawe ya Igogo kwa Mama, jasho linanitoka. Nilimkuta barazani anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa mchanga na vijiti. Nikachezesha wa kwanza. Hakuinua macho.

"Gurumo huyo."

"Una uhakika, Mama?"

"Nimeucheza nikiwa na mimba ya dada yako. Unaniuliza uhakika?"

Dada amezaliwa 1983. Kikaratasi cha CD kiliandikwa Msondo. Hapo ndipo nilipoona kazi niliyoiita ya kuandika majina ilivyo. Muhidin Maalim Gurumo alikuwepo tangu mwanzo katika NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanza 1964. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili: ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, leo ni Msondo Ngoma. Lakini Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 yeye alikwenda huko, baadaye Safari Sound, kisha akarejea Msondo. Mwaka 1983 alikuwa Mlimani Park, ambayo nayo watu huiita Sikinde, wengine DDC. Yaani sauti moja, bendi tatu, majina nane. Kompyuta haijui hayo. Kwake NUTA na OTTU ni watu wasiojuana, na Sikinde ni mgeni wa Mlimani Park.

Tulikaa hapo Jumamosi tisa. Mama hakuwahi kutaja jina la wimbo haraka, lakini mwimbaji alimjua kabla hajamaliza neno la kwanza, wakati mwingine kwa gitaa tu. Akikwama anampigia simu dada yake Bunda, wanauimba kwenye simu, wanabishana, mimi naandika. Nilijifunza kutozima maongezi. Siku ya kwanza nilikuwa namharakisha, "Mama, jina tu," nikapata majina matupu. Nilipoacha aseme alichotaka, akaniambia bendi, mwaka, ukumbi, na nani alikanyagwa mguu.

Kwenye kuandika nikaweka sheria zangu. Msanii naandika jina la bendi kama lilivyokuwa siku ya kurekodi. Kwenye sehemu ya msanii wa albamu naweka jina moja linalowakusanya wote, Msondo kwa Msondo, Mlimani Park kwa Sikinde, ili simu isiwatawanye. Mwimbaji anakaa kwenye maelezo. Ya albamu ilinisumbua, kwa sababu nyimbo nyingi za miaka ile zilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo mmoja mmoja, hazikuzaliwa kwenye albamu yoyote. Programu inalazimisha albamu, basi nikaiandikia Mjomba 001, Mjomba 002, namba ileile niliyoiandika kwenye kikaratasi cha CD. Si juu ya CD, stika zilishanifunza.

Na tahajia! Simu yangu ilikuwa na Mbaraka Mwinshehe, Mbaraka Mwinyishehe na Mbaraka Mwaruka, wanamuziki watatu kwa mtu mmoja. OK Jazz ya Franco nilikuwa nayo kwa namna tano, yenye nukta na isiyo na nukta. Programu iitwayo Mp3tag inazichagua zote na kuzisahihisha kwa mkupuo mmoja, kisha inabadilisha hata majina ya faili yafuate ulichoandika. Ningeijua mapema ningeokoa mwezi mzima. Waliokosa jina kabisa niliwafungulia folda ya Hawajulikani, wako 61. Humo wapo hata waimbaji wa Kisukuma ambao CD yao haikuandikwa chochote, hata Mama aliishia kusema, "Hao wa upande wa Magu."

Sasa nieleze nilivyokaribia kupoteza yote. Ilikuwa usiku, nahamisha nyimbo kutoka laptopu kwenda diski mpya ya nje. Nilitumia kukata na kubandika badala ya kunakili, kwa kuona naokoa nafasi. Umeme ukakatika. Betri ya laptopu ilishakufa zamani, kwa hiyo kila kitu kikazima pamoja. Nikainuka gizani kutafuta tochi, mguu ukanasa kwenye waya, nikasikia diski inatua sakafuni. Umeme uliporudi nikaichomeka, na mlio wake siku zote utanikaa: tik, tik, tik, kama mjusi ukutani. Asubuhi ilikuwa bado inatikatika na haikufunguka tena. Zilizokuwa zimekwisha kuhama hazikuwa kwenye laptopu. CD 140 zikarudi kwenye draivu. Ndiyo hesabu ya tatu ya yale maboksi. Majina niliyokuwa nimeyapata kwa Mama yalipona kwa sababu moja ya kijinga, niliyaandika kwanza kwenye daftari la shule, yeye akisema mimi nikichapa mhuri wa dagaa kwenye kurasa.

Sikati tena faili. Nanakili, nahakikisha, ndipo nafuta. Na nakala ziko tatu, laptopu, diski kabatini, na diski nyingine kwa dada Sengerema, maana mwizi au moto ukiingia Nyakato hautachagua. Zamani kuipeleka ilikuwa safari ya kupanga, unapakata diski kwenye pantoni kama mtoto mchanga. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 sina kisingizio, naenda kila baada ya miezi mitatu na kurudi jioni.

Diski ya Sengerema ndiyo iliyonifundisha kwamba nakala nayo huugua. FLAC huweka ndani ya kila faili namba ya kuhakiki sauti yake, na foobar2000, programu ya kuchezea muziki, inaweza kuzipitia zote na kukuambia ipi haijalingana. Mara ya kwanza kupitisha ukaguzi, faili 41 zilikuwa zimeharibika, na kwa macho zilionekana nzima, jina sawa, ukubwa sawa. Kama ningenakili kutoka diski ile kuja kwenye laptopu, ningefunika nzima kwa mbovu. Sasa nakagua kabla sijanakili popote.

Ya magari nipite haraka. Jirani mwingine, dereva wa daladala, alitaka flashi. Redio yake haikutambua flashi mpaka nilipoifomati kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga faili, haikutaka FLAC, na ilicheza nyimbo kwa mpangilio wa jinsi zilivyonakiliwa badala ya namba zake. Ukijua hivyo unanakili folda moja moja kwa zamu, MP3 tu, inatulia. Alinishauri nifungue kibanda cha kuingizia watu nyimbo, niwe tajiri. Nikakataa. Kuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na zaidi ya sheria, wengi wa wazee wale wamekufa bila kuiona senti ya vibanda hivyo. Yeye nilimpa bure, na bado sijui kama nilitenda sawa.

Mwaka 2023 nikapanda meli kwenda Nansio, flashi shingoni, kumwonyesha Mjomba. Nilikuwa na kiburi kidogo, sifichi. Nyimbo zaidi ya elfu tatu, kila moja na bendi yake, mwaka wake, mwimbaji wake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba. CD hukugawa?"

"Moja tu."

"Ya Kikongo," akasema, kana kwamba alimwona yule jirani.

Tukakaa chini ya mchungwa na laptopu. Nikamwonyesha orodha ya bendi. Akaitazama kwa adabu. Nikamwonyesha miaka. Akatikisa kichwa. Kisha akauliza, "Na saa umeziandika wapi?"

"Saa zipi?"

"Kwenye vikaratasi. Nne, tano, saba."

Hazikuwa namba za rafu. Zilikuwa saa za usiku. CD ya 4 ni ya saa nne, watu wanaingia, wanakula, hawataki kelele. Ya 5 mtu ameshanyanyua kichwa. Za 7 ni za saa saba, hapo bendi haijalishi wala mwaka, unaangalia miguu. Alipanga baa nzima kwa saa, na alishangaa kwamba mtu anaweza kukaa miaka saba na muziki wake bila kuona hilo. Nikakumbuka zile folda 94 nilizofuta kwa hasira, kila moja na saa yake, na nikacheka peke yangu mpaka akaniuliza nina nini.

Nikafungua Mp3tag, nikaongeza sehemu mpya, nikaiita Saa. Tukaanza na Mjomba 001. Alikuwa anafumba macho, anasikiliza sekunde kumi, anataja. Saa nne. Saa nne unusu. Saa sita, lakini siyo mwisho wa mwezi. Mbuzi wawili walikuja wakala kikaratasi kimoja, hatukuwaona. Jua lilipozama ndani ya ziwa tulikuwa tumefika wimbo wa 63, wa taratibu, gitaa peke yake mwanzoni. Ulikuwa mmoja wa Hawajulikani.

"Nani huyu, Mjomba?"

"Sijui," akasema, bado kafumba macho. "Huo ni wa kufungia. Andika saa tisa kasoro robo."